Nyota za Hollywood, nyota za jangwani: siku sita kusini mwa California

Kabla ya kuondoka

Safari hii inaanzia kwenye nyota zenye ukingo wa shaba zilizotandazwa njiani Hollywood na kuishia chini ya kuba la kituo cha darubini cha Palomar. Katikati yake kuna usiku wa jangwa. Tunatoka mwangani na kuingia gizani hatua kwa hatua, kwa sababu mtu anayeshushwa moja kwa moja jangwani huona nyota nyingi tu. Aliyeanza na anga la Los Angeles huona pia kile ambacho taa za mji zilikuwa zikimnyima.

Jambo la kwanza ni tarehe. Mwezi mpevu hufuta Njia ya Maziwa, ule ukanda wa mwanga wa nyota unaokatiza anga, hata pasipo na taa hata moja, na hakuna kifaa kinachotibu hilo. Anayefuata kalenda ya Hijria ana jibu tayari: kuanzia usiku wa tarehe 26 hadi tarehe 3 ya mwezi unaofuata, mwezi hautasumbua. Kabla ya hapo unachomoza mapema mno usiku, na baada ya hapo unachelewa kutua. Ratiba hii ni ya mwisho wa Septemba, wakati kitovu cha Njia ya Maziwa bado kinaonekana jioni na joto la jangwa limeanza kupungua. Saa zote humu ni za Kiswahili.

Vya kubeba ni vichache. Darubini ya mkono ya 7x50 au 10x50, yaani inayokuza mara 7 au 10 kwa lenzi za milimita 50, inatosha. Darubini kubwa inahitaji muda wa kuifunga na kuifungua ambao msafiri wa kila siku hana. Beba kiti cha kujilaza chali, kwani shingo huchoka kabla ya macho. Chukua koti zito hata kama mchana ni wa joto, maji lita nne kwa kila mtu kwa siku, na ramani iliyopakuliwa kwenye simu, kwa kuwa sehemu kubwa ya njia haina mtandao. Tochi iwe nyekundu. Kama huna, funga tabaka mbili za nailoni nyekundu kwenye kioo cha tochi ya kawaida kwa mpira. Jicho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga mweupe wa sekunde moja unakurudisha mwanzo. Skrini ya simu ni mwanga mweupe pia, hivyo igeuze iwe nyekundu kupitia mipangilio ya rangi kabla jua halijazama.

Siku ya 1: Hollywood na Griffith

Shuka treni ya Metro, njia ya B, kituo cha Hollywood/Vine, asubuhi kabla ya saa tatu. Baadaye njia ya miguu hujaa wauza ziara na watu waliovaa kama wahusika wa filamu, ambao ukipiga nao picha wanatarajia kulipwa. Anayekuwekea kitu mkononi na kukiita zawadi mrudishie palepale.

Nyota za hapa ni zaidi ya 2,700. Zimepangwa kwenye Hollywood Boulevard kati ya Gower na La Brea, na kwenye kipande cha Vine Street. Kila moja ni ya terazo ya waridi yenye ukingo wa shaba, ndani ya mraba mweusi wenye upande wa kama sentimeta 90. Alama iliyo katikati inaeleza kazi ya mhusika: kamera kwa filamu, runinga, santuri kwa muziki, maikrofoni kwa redio, na vinyago viwili kwa jukwaa. Gene Autry peke yake ana nyota katika makundi yote hayo matano.

Anayependa anga aanze kwenye makutano ya Hollywood na Vine. Katika pembe nne za makutano hayo kuna duara badala ya nyota, na duara hilo ni mwezi. Lina majina ya Neil Armstrong, Edwin Aldrin na Michael Collins wa Apollo 11, tarehe ya kutua, yaani 20 Julai 1969, na alama ya runinga, maana ulimwengu uliwaona kwa runinga.

Ukielekea magharibi utaikuta nyota ya kundi la Queen, iliyowekwa 2002. Mwimbaji wao, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946. Mpiga gitaa wao, Brian May, alihitimu uzamivu wa fizikia ya anga mwaka 2007 katika Imperial College London, na utafiti wake ulihusu vumbi linaloelea kati ya sayari. Vumbi hilo tutaliona kwa macho siku ya nne. Mbele zaidi, penye ukumbi wa Dolby, nyota ya Muhammad Ali imewekwa ukutani. Alikataa jina la Mtume likanyagwe, na katika barabara nzima hiyo ndiyo nyota pekee isiyopitiwa na viatu.

Saa tatu za matembezi zinatosha. Pumzika mchana, kisha jioni panda hadi Griffith Observatory, kituo cha kutazamia anga kilicho mlimani. Usiende na gari: maegesho ni ya kulipia kwa saa na foleni ya magari mlimani huweza kumaliza jioni nzima. Basi la DASH Observatory linapandiwa kituo cha Vermont/Sunset. Jengo lilifunguliwa 1935, kuingia ni bure, Jumatatu hufungwa, na kinacholipiwa ni ukumbi wa maonyesho ya anga wa Samuel Oschin tu. Kwenye uwanja wa nje kuna mnara wa wanaastronomia sita: Hipparchus, Copernicus, Galileo, Kepler, Newton na Herschel. Pembeni upo mnara wa kichwa cha James Dean, aliyeigiza hapa katikati ya miaka ya 1950.

Darubini ya lenzi ya Zeiss, yenye kipenyo cha inchi 12 (sentimeta 30), iko juu ya paa. Usiku wenye anga safi kila mtu huitumia bila malipo. Panga foleni mara giza linapoingia; ikiwa ndefu hufungwa kabla ya muda wa jengo kufungwa, ambao ni saa nne usiku. Mhudumu huielekeza kwenye mwezi, sayari au nyota pacha, kwa sababu vitu hivyo vinang'aa kuliko mwanga wa mji. Usimwombe galaksi. Galaksi ni mkusanyiko wa nyota ulio mbali sana, unaoonekana kama mwanga hafifu uliotanda, na hapa anga lenyewe linang'aa kuishinda.

Ukitoka, simama ukutani utazame mji. Hesabu nyota unazoziona juu ya taa zile na uandike idadi kwenye daftari. Mwaka 1994, tetemeko la Northridge lilipokata umeme alfajiri ya tarehe 17 Januari, watu walipiga simu hapa Griffith kuuliza anga limepatwa na nini. Lilikuwa anga la kawaida, ila mji ulikuwa haujaliona kwa muda mrefu.

Siku ya 2: Mount Wilson

Kuanzia leo gari ni lazima. Toka La Cañada kwa barabara namba 2, Angeles Crest Highway, kama kilomita 22 hadi njia panda ya Red Box, kisha kilomita 8 hadi kileleni, penye kituo cha darubini cha Mount Wilson. Hakuna kituo cha mafuta juu. Kuegesha kwenye msitu huu kunahitaji kibali cha Adventure Pass, kinachonunuliwa mapema kwenye vituo vya mafuta au maduka ya michezo mjini. Angalia hali ya barabara asubuhi hiyohiyo, maana theluji, maporomoko na moto wa msituni huifunga, wakati mwingine kwa miezi.

Kilele kiko mita 1,740 juu ya usawa wa bahari. Darubini ya kioo cha inchi 100, iliyoanza kazi 1917, ina kioo cha mita 2.5 kilichomiminwa Ufaransa kwa glasi ya aina ya chupa za mvinyo, na ukikitazama kwa ubavu unaona ukijani wake. Kwa kioo hicho mwanaastronomia Edwin Hubble alipiga picha ya galaksi ya Andromeda mnamo Oktoba 1923, akaona nyota inayobadilika mwanga kwa kipindi maalumu, na kwa nyota hiyo akapima kwamba Andromeda iko mbali kuliko galaksi yetu yote. Kabla yake wengi waliamini kuwa Njia ya Maziwa ndiyo ulimwengu mzima.

Mlima ulichaguliwa kwa utulivu wa hewa. Hewa baridi ya bahari hulala chini ya hewa ya joto, na kilele kiko juu ya mpaka wa hizo mbili, hivyo nyota hazimetimeti sana. Utulivu huo upo hadi leo, lakini giza halipo tena: Los Angeles imekua hadi miguuni pa mlima. Usiku ambao ukungu wa bahari unaufunika mji huwa bora, kwa kuwa ukungu unazuia taa zisipande. Lango hufungwa alasiri. Anayetaka kuchungulia kwenye darubini hizi usiku anunue tiketi ya usiku maalumu wa majira ya joto, mapema.

Siku ya 3: Joshua Tree, upande wa magharibi

Kutoka Los Angeles hadi hifadhi ya jangwa ya Joshua Tree ni kama kilomita 220. Ondoka kabla ya saa nne asubuhi. Ijumaa mchana barabara ya I-10 inaweza kuongeza saa mbili. Jaza petroli na maji mjini Joshua Tree au Twentynine Palms, kwa sababu ndani ya hifadhi hakuna petroli, na maji yako sehemu chache za pembezoni. Kiingilio cha gari ni dola 30 kwa siku saba. Kambi ya Jumbo Rocks ina nafasi 124 zilizo katikati ya miamba, lakini haina maji. Nafasi zake huwekwa mapema kwa intaneti na huisha upesi penye wikendi isiyo na mwezi.

Hifadhi hii ilitambuliwa kimataifa kuwa mbuga ya anga la giza mwaka 2017. Haifungwi usiku, ila kulala ndani ya gari kwenye maegesho ni marufuku. Ni kambini au nje ya hifadhi. Usiku wa kwanza nenda maegesho ya Cap Rock au Hidden Valley, mita 1,300 hivi juu, ambako lami na choo vinamfaa asiyezoea jangwa. Fika kabla ya magharibi ukachunguze ardhi ungali unaona.

Kinachowaharibia wengi usiku hapa ni gari lao wenyewe. Taa za magari ya kukodi hujiwasha kila mlango unapofunguliwa. Jifunze mchana kuzima taa ya ndani, ya buti na za mbele. Egesha ukielekeza pua njiani ili wakati wa kuondoka usirudi nyuma ukiwamulika wengine. Funguo zikae mfukoni mbali na kidole, maana kitufe kimoja kinawasha kila kitu.

Giza kamili linaingia saa mbili kasoro usiku. Tafuta kwanza nyota ya Kaskazini, ambayo mtu wa Dar es Salaam hawezi kuiona nyumbani kwa sababu iko chini ya upeo wake. Hapa iko nyuzi 34 juu, sawa na latitudo ya mahali. Ngumi ya mkono ulionyooshwa ni nyuzi 10, kwa hiyo panda ngumi tatu na nusu kutoka upeo wa kaskazini. Msimu huu Dubu Mkubwa, kundi la nyota linalotumiwa kwa kawaida kuipata, yuko chini sana, hivyo anzia kwa Kasiopea, nyota tano zenye umbo la herufi W upande wa kaskazini-mashariki. Saa tatu hivi Kilimia kinachomoza. Saa tano Andromeda iko juu mashariki: doa jeupe refu kwa macho matupu, na kwa darubini ya mkono linapanuka zaidi. Mwanga wake umesafiri kama miaka milioni mbili na nusu.

Chukua daftari na uhesabu tena.

Siku ya 4: Bonde la Pinto

Lala hadi saa nne. Mchana shuka barabara ya Pinto Basin kuelekea kusini-mashariki, upite bustani ya kaktasi ya cholla. Usiiguse na usiipitie karibu: vipande vyake hung'oka kwa mguso mdogo na miiba yake ina ndoana. Kikikunasa usikivute kwa vidole, kwani utanasa mkono pia. Ingiza kitana kati ya ngozi na kipande, ukirushe mbali kwa mkupuo mmoja.

Kati ya bustani hiyo na Cottonwood ndipo penye giza kuliko kwingine kote katika safari hii. Egesha kwenye nafasi za kando ya barabara zilizoruhusiwa, si kwenye mchanga. Usiku, kusini-magharibi utaona kuba la mwanga: ndiyo miji ya bonde la Coachella, pamoja na Indio na Palm Springs. Hili linaamua ratiba. Kitovu cha Njia ya Maziwa, kilicho kwenye kundi la nyota la Mshale (Sagittarius), kinaanza usiku kikiwa kusini na kushuka polepole kuelekea mwanga huo. Kitazame kuanzia saa mbili hadi saa tatu na nusu. Baada ya hapo kinafifia, na uelekee mashariki.

Msomaji wa Afrika Mashariki ajue jambo moja bila kuficha: kitovu hicho ni kizuri zaidi nyumbani. Hapa hakipandi zaidi ya nyuzi 30 hivi, ilhali Tanzania kinapita karibu na utosi. Msalaba wa Kusini hapa hauchomozi kabisa. California inatoa nyota za kaskazini, na jangwa kavu ambalo halina umande wala mawingu ya mara kwa mara.

Kwa picha, weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, lenzi ya milimita 24, uwazi wa f/2.8, ISO 3200, sekunde 15. Kanuni ya zamani ya kugawa 500 kwa urefu wa lenzi inatoa sekunde 20, ila kwa kamera za leo nyota huanza kuonekana kama vistari. Fokasi ya kujiendesha haishiki gizani: izime, kuza nyota angavu kwenye skrini, zungusha mpaka iwe nukta ndogo kabisa. Upepo ndio adui mkubwa. Ning'iniza mfuko wa mawe chini ya stendi na upige picha kwa kihesabio cha sekunde mbili ili kidole kisiitikise. Simu yenye hali ya usiku inafanya kazi pia, mradi isishikwe mkononi.

Lala mapema, uamke saa kumi alfajiri. Tazama mashariki. Kabla ya mapambazuko kuna mwanga mweupe, mpana chini na mwembamba juu, uliosimama kama umeegemea. Ni mwanga wa jua uliogonga vumbi lililo kati ya sayari, lilelile alilolitafiti Brian May. Waislamu wa pwani wanaufahamu kwa jina la alfajiri ya uongo, ile ambayo kwayo mfungaji bado anaruhusiwa kula. Alama ni hizi: mwanga huu umesimama wima, na giza linabaki pembeni mwake; alfajiri ya kweli hutanda kulia na kushoto kwenye upeo wote, na hapa huanza kama saa kumi na moja na robo. Mwanga wa taa za mji hutofautiana na yote mawili kwa kuwa na umbo la kuba na kutosogea. Msimu huu ndio bora kwa kaskazini mwa ikweta, maana njia ya sayari inasimama wima alfajiri.

Siku ya 5: Borrego Springs

Toka mlango wa Cottonwood, vuka I-10, shuka hadi Mecca, kisha barabara 86 kando ya Salton Sea mpaka Salton City, na S22 kuelekea magharibi. Ni mwendo wa saa mbili hivi. Mecca inafikiwa kwa Box Canyon Road, ambayo mafuriko huikata. Ikifungwa, zunguka kwa I-10 kupitia Indio. Joto la mchana hapa bado linaweza kufika nyuzi 38 au zaidi mwishoni mwa Septemba, hivyo fika, jifungie ndani, toka saa kumi na moja jioni.

Mji huu hauna taa hata moja ya kuongoza magari. Mwaka 2009 ulitambuliwa kuwa jumuiya ya anga la giza, wa pili duniani baada ya Flagstaff, Arizona, uliotangulia 2001. Tembea mitaani usiku uone walivyofanya, kwa kuwa wameishi na taa bila kuzizima zote. Taa ina kofia inayofunika balbu mpaka chini, kwa hiyo mwanga unatua ardhini. Rangi yake ni ya njano, kelvini 3,000 au chini kwenye kipimo cha rangi ya mwanga kinachoandikwa kwenye balbu. Mwanga mweupe wenye samawati hutawanywa na hewa kwa wingi zaidi, na ndio unaopaka anga rangi. Taa isiyo na kazi ina swichi ya kuhisi mtu. Mambo hayo matatu yanawezekana kwenye ukuta wa nyumba yoyote, Tanga au Mombasa, na balbu ya njano haigharimu zaidi ya nyeupe.

Kwenye mashamba ya Galleta Meadows kuna sanamu kubwa za chuma, mojawapo nge. Kuzitazama ni bure. Font's Point ni maarufu, lakini njia yake ni kilomita 6 za mchanga na gari dogo hukwama. Wa gari dogo abaki kando ya lami penye nafasi ya kuegesha. Kulala nje kwenye hifadhi ya Anza-Borrego kunaruhusiwa bila kuweka nafasi, gari lisizidi urefu wake mmoja kutoka barabarani, na moto uwashwe ndani ya chombo cha chuma tu. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Tochi ya mwanga wa urujuanimno (UV) huwafanya nge wang'ae kijani, na kuipitisha chini ya kiti kabla ya kukaa ni tahadhari ya maana.

Siku ya 6: Palomar

Panda S22 hadi S2, kisha barabara za 79 na 76, na S7 hadi kileleni, mita 1,712. Jaza mafuta Borrego. Kituo ni cha mchana tu: hufunguliwa saa tatu asubuhi, na hufungwa saa tisa au saa kumi alasiri kulingana na majira. Hakuna utazamaji wa umma usiku, kwa hiyo usipange kulala hapa kwa ajili hiyo.

Kioo cha darubini ya Hale ni cha mita 5.1. Kilimiminwa Corning, jimbo la New York, mwaka 1934, kikasafirishwa kwa treni hadi California 1936, na darubini ikazinduliwa 1948. Mwaka 1963 mwanaastronomia Maarten Schmidt aliitumia kufumbua fumbo la 3C 273, ambayo ni kwasari, yaani kitovu cha galaksi ya mbali sana kinachong'aa mno. Darubini jirani yake, iliyopewa jina la Samuel Oschin yuleyule wa ukumbi wa Griffith, ndiyo iliyopiga picha ambazo mwaka 2005 zilifichua sayari kibete Eris. Vaa koti unapoingia kwenye chumba cha kutazamia: kuba huwekwa kwenye joto la usiku mchana kutwa, kwani kioo kikiwa moto kuliko hewa, taswira hucheza.

Kushuka kuelekea San Diego tumia S6, yenye kona kali. Weka gia ndogo badala ya kukanyaga breki muda wote. Kwa miaka mingi mji huo ulitumia taa za sodiamu za shinikizo dogo, ambazo mwanga wake uko karibu wote kwenye rangi moja ya njano, nanomita 589, na wanaastronomia wakaweza kuuchuja. Taa za LED zinatoa rangi nyingi kwa pamoja na hazichujiki hivyo, ndiyo maana kofia ya taa na saa za kuzima zina uzito zaidi sasa kuliko wakati ule.